Mabuti ya Adriano

Treni ilimshusha Inspekta Bertila Ndahani stesheni ya Tabora asubuhi ya mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele kwenye bati wala kukoma. Hajatia mguu wa pili chini, akawa ameshatukanwa.

"Fungeni majiko! Mgogo huyo kaja kuomba!"

Aliyesema ni Koplo Doto, Mnyamwezi mwenye kitambi na sauti ya sokoni, aliyetumwa kumpokea. Bertila, ambaye kazini kwake Dodoma hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, alimtupia begi kifuani.

"Shika, mpagazi. Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, wewe begi la nguo likushinde?"

Doto alicheka mpaka kofia ikamlegea kichwani. Wakawa wamejuana.

Mgogo na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ilipokuwa inakatiza nchi ya Wagogo kuomba maji. Mnyamwezi na Mzaramo vilevile ni watani, kwa sababu kwa Wazaramo ndiko misafara ilikoishia. Watani hutukanana bila kununiana. Msibani, mtani huruhusiwa kufanya mambo ambayo ndugu wa damu akiyafanya atafukuzwa. Tabora mambo haya mtoto anayajua kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana Bertila hakuelewa jalada lililomleta.

Alilisoma tena kwenye benchi la kituo cha polisi. Adriano, aliyekuwa akiwatembeza wageni kwenye njia ya kando ya mto Kazuba, alikutwa amekufa majini, mahali panapoitwa Kivuko cha Wapagazi. Alikuwa na jeraha kisogoni. Mahabusu alikuwepo Nasri, seremala wa Kanyenye. Shahidi alimsikia Nasri jana yake akimwambia marehemu, "Nitakuzika mimi kwa mikono yangu." Patasi ya Nasri iliokotwa kivukoni. Kesho asubuhi alikuwa anapelekwa mahakamani kusomewa shitaka la mauaji, na kosa hilo halina dhamana. Angekaa gerezani miaka akisubiri kesi, hata kama ni msafi kama maji ya mtungi.

Kilichowafanya wakubwa wamtume Bertila ni sentensi moja ya daktari. Maji hayakuingia mapafuni. Mtu yule alitumbukia mtoni akiwa maiti.

Nasri aliletwa. Alikuwa kijana mrefu, macho mekundu, vumbi la mbao bado limo nywelini.

"Ulimwambia utamzika?"

"Nilimwambia, Afande. Kila siku namwambia. Na yeye ananiambia ataniuza kwa Mwarabu apate kilo ya chumvi. Mimi Mzaramo, yeye Mnyamwezi."

"Hukumwambia aliyekuandika maelezo kwamba ni utani?"

"Nilimwambia. Akaniuliza utani uko kifungu gani cha sheria."

Doto alikohoa kuficha aibu. Mwandishi wa maelezo yale alikuwa mgeni kazini, ametokea mbali.

"Na patasi?"

"Njia nzima ile vibao vyake nimechonga mimi. Kivukoni nilikuwa natengeneza nguzo mpya. Jioni mvua ikanikimbiza, patasi nikaisahau." Akajifuta pua kwa bega. "Afande, mimi ndiye nilitakiwa niwe msibani kwa Adriano navaa nguo zake na kuwachekesha watu. Leo wanaanua matanga. Baba yangu ndiye anakwenda kufanya kazi yangu, na miguu yake mibovu. Hilo ndilo linaniuma kuliko pingu."

Bertila alifunga jalada. "Shahidi aliyesikia maneno hayo ni nani?"

"Mzee Kasimiri," alisema Doto. "Mwenyekiti wa kamati ya njia. Anakusubiri nje, atakutembeza mwenyewe."

*

Kasimiri alikuwa Mnyamwezi wa miaka sitini na kitu, mkavu, mikono mikubwa yenye madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni. Miaka mingi alikuwa ghalani akifunga mabelo, yale marobota ya tumbaku. Alimwangalia Bertila juu mpaka chini, akatabasamu.

"Ndahani? Mgogo huyu! Ndiyo maana nimesikia harufu ya ubuyu tangu treni ikiwa Kigwa."

"Shikamoo, mpagazi mstaafu."

"Marahaba, ombaomba. Twende, ila usimwombe kitu mtu yeyote njiani, utatuaibisha."

Njia ilianzia nyuma ya maduka ya Kanyenye, mahali ambapo mgeni asiyeelekezwa angedhani ni jalala. Kibao cha Nasri kilisimama hapo, herufi zimechimbwa safi: NJIA YA MTO. Ukishateremka, mji unakuwa mgongoni. Unausikia, pikipiki na vinanda vya kanisa na fundi bati anagonga, lakini huuoni. Unachoona ni matete yaliyolala kwa mvua, mikuyu imeinama majini, migomba ya watu imezidi mipaka, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita polepole na chupa za plastiki. Korongo mmoja alisimama kwenye kisiwa cha takataka kama mlinzi asiyelipwa.

Adriano ndiye aliyeifanya njia hii. Watu waliishi na mto uani kwao miaka yote wakiutupia mabaki, yeye akaufyeka, akawaita wageni, akawaambia: hapa ndipo misafara ilipotulia kabla ya kuingia mjini, hapa walioga, hapa walizika waliochoka moja kwa moja. Wazungu walikuja. Wanafunzi walikuja. Wanawake wa Isevya wakapata pa kuuzia asali na karanga.

Leo hapakuwa na muuzaji hata mmoja. Mabanda yalikuwa matupu, yanadondosha maji.

"Wewe ulikuwa unatembea naye?" aliuliza Bertila.

"Kila Jumapili baada ya misa. Njia hii tumeipita mimi na yeye mpaka nikilala naiota."

"Kwenye picha za jalada maiti imevaa mabuti."

"Adriano na mabuti yake!" Kasimiri alitikisa kichwa. "Hayavui. Angeruhusiwa angepokea komunyo nayo."

Walifika mahali njia inapopita karibu na ukuta wa nyumba ya matofali iliyopakwa chokaa. Vigingi vyekundu vilikuwa vimepigwa ardhini, mstari mnyoofu kutoka ukutani hadi ukingoni mwa maji. Vilikata njia katikati.

"Vya nani hivi?"

"Vya wapimaji. Unajua tena mambo ya mji." Kasimiri alielekeza kidevu. "Hapo ni kwangu. Karibuni mnywe maji, mtani asije akasema Dodoma kwamba tulimnyima."

Barazani viatu vilipangwa kwa safu pembeni mwa mlango. Bertila, Doto na mwenyeji wao walivua. Sakafu ya sebule ilikuwa ya saruji nyekundu, imesuguliwa hadi inakuonyesha sura yako, na Doto nusura ateleze akiingia.

"Mke wangu huyo na dawa yake ya sakafu," alisema Kasimiri. "Tope hapa halikanyagi."

Katikati ulitandikwa mkeka mpya, bado unanukia ukindu. Bertila alikunywa maji akiutazama.

"Mke wa marehemu ameandika kwamba mumewe siku ile aliaga anakuja kwako."

"Ameandika, naye simlaumu, mfiwa. Mimi nilimsubiri, hakufika. Nadhani ndipo akakutana na yule kijana."

Walitoka, wakavaa, wakaendelea. Mbele kidogo mto ulipanuka, na mawe makubwa meusi yalijitokeza majini kama migongo ya viboko. Hiki ndicho Kivuko cha Wapagazi. Maji hayakuzidi goti. Ukingoni palikuwa na nguzo ya mbao isiyo na kibao, na pembeni yake chungu ya vijiwe vidogo, imefika usawa wa kiuno.

"Vijiwe hivi?"

"Watoto hao, wanacheza." Kasimiri tayari alishakanyaga jiwe la kwanza. Viatu vyake vya ngozi viliteleza, akatukana kidogo, akakanyaga la pili. Bertila aligeuka na kumkuta Koplo Doto amekaa chini kwenye majani yaliyolowa, anavua buti za serikali, anachomeka soksi ndani yake. Bertila alidhani anaogopa kuziharibu. Naye alivua vyake, kwa kuwa hakuja na jozi nyingine, akaingia majini. Baridi ilimpanda mpaka magotini.

Katikati ya mto Kasimiri aligeuka, mkono umemnyooshea.

"Mgogo, nikikutumbukiza humu sasa hivi, nani atakulilia?"

"Watoto wako. Watakuwa wamekosa mama wa kuwafundisha adabu."

Kasimiri alicheka kwa sauti. Korongo aliruka kule nyuma. Bertila hakucheka. Alikuwa anasikiliza maneno yale yanavyokaa ndani ya kichwa chake. Mzee huyu alikuwa ametoka kumtishia kumuua, mbele ya polisi, kwa mzaha kabisa. Anajua utani kama anavyojua jina lake. Sasa, aliposikia Mzaramo anamwambia Mnyamwezi "nitakuzika", kwa nini alikimbilia kituoni?

"Maiti ililala wapi?"

"Hapo, kifudifudi. Miguu huku, kichwa kule."

Bertila alitazama mawe, akatazama ukingo. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu kilichokuwa na habari.

*

Msiba ulikuwa Isevya. Turubai la bluu lilitundikwa uani, limejaa maji tumboni, na kila baada ya muda mtu alilisukuma kwa fimbo yakamwagika upande wa majirani. Watu walikuwa wengi. Wakatoliki wa jumuiya ya marehemu wamekaa na rozari zao, Waislamu wa Kanyenye wamekaa na kofia zao, na jikoni wanawake wa pande zote mbili wakigombana kuhusu chumvi. Kasimiri alipewa kiti cha mbele, cha mwenyekiti. Bertila alimpa pole mjane.

"Pole, dada Consolatha. Mimi ni askari kutoka Dodoma."

Consolatha alimwangalia bila kumwona. "Mgogo," alisema tu, na kwa mara ya kwanza midomo yake ililegea kidogo. "Basi una haki ya kukaa popote."

Kelele zilianzia lango la uani. Wanawake walipiga vigelegele vya kilio, vile vinavyoanza kama furaha na kuishia kwingine. Akaingia mzee mfupi wa Kizaramo, fundi baiskeli Mabruki, baba yake Nasri. Alivaa shati la Adriano, suruali ya Adriano imekunjwa mara tatu chini, kofia ya Adriano, na miguuni mabuti ya Adriano yamefungwa kwa kamba ya katani ili yasimvuke.

"Wageni wangu!" alinguruma, na uwanja ukashtuka, maana sauti ilikuwa ya marehemu hasa. "Njooni huku! Usikanyage hilo jani, lina miaka mingi kukushinda! Wewe Mzungu, acha kupiga picha nzi, piga picha mto!"

Watu walicheka. Wengine walilia wakicheka. Consolatha alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na hapakuwa na aliyejua ni lipi kati ya mawili.

Mabruki alizunguka uwanja akichechemea, akaparamia sinia la ubwabwa akisema ni mlima, akamwomba padri msaidizi mkono amvushe dimbwi. Halafu akasimama. Akanyoosha kidole mbele yake kama kwamba mto upo hapo.

"Simameni! Vua! Wote vua viatu! Hapa wamelala watu waliotembea peku kutoka Ujiji, wewe upite na raba zako za Kariakoo? Vua! Soksi ndani ya kiatu, kiatu shingoni! Okota kijiwe! Weka kwenye chungu, umsalimie aliyebaki!"

Alikaa chini kwenye tope akaanza kuhangaika na buti, akilaani. "Adriano, mtani, umenifanyia nini! Hata umekufa unanitesa. Humu ndani ya buti kuna soksi imejikunja, inaniuma dole toka asubuhi!"

Uwanja ulivunjika kwa kicheko. Bertila alikuwa ameshasimama.

Alimvuta Doto nyuma ya jiko.

"Kivukoni ulivua viatu. Kwa nini?"

"Kila mtu anavua, Afande. Adriano alinigombeza siku ya kwanza mbele ya mke wangu, sijarudia. Ukipita na kiatu hapo hakupeleki hatua moja mbele, uwe nani."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani umeona. Na wewe ulivua."

"Kasimiri hakuvua. Na kijiwe hakuokota. Akasema ni mchezo wa watoto."

Doto aligeuka akatazama kiti cha mwenyekiti.

"Mtu anayedai ametembea na Adriano kila Jumapili," Bertila alisema polepole, "hajawahi kuvuka kile kivuko naye hata siku moja. Haya. Mabuti yale yametoka wapi?"

"Mochwari walikata kamba wakayavua. Sisi tukaipa familia pamoja na nguo." Doto alishika kichwa. "Hatukuyaandika kama vielelezo. Mtani akadai ni yake, ndiyo haki yake, tukamwachia. Yesu wangu."

"Mwite."

Mabruki alikuja anahema, jasho limechanganyika na mvua. Uso wa Adriano ulikuwa umeshamtoka, amebaki mzee tu mwenye mtoto rumande.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasri amekula?"

"Amekula. Naomba unitolee hayo mabuti."

Mabruki aliyavua bila kuuliza. Bertila alivaa glavu, akaingiza mkono ndani ya buti la kulia. Mbele kabisa, mahali pa vidole, palikuwa na soksi ya pamba iliyogandamana kama mkate uliokanyagwa. Adriano asingetembea na kitu kile mguuni. Aliitia kwenye mfuko. Kisha akaona kamba ya buti lenyewe. Mochwari waliikata upande wa mbele, lakini fundo lilikuwa bado limekaa kwenye kifundo cha mguu, upande wa nje. Kamba ilizungushwa mara mbili, ikapita chini yake yenyewe, na ncha ikachomekwa kwa nguvu.

"Adriano alikuwa anafunga hivi?"

"Adriano hakufunga kabisa!" alisema Mabruki. "Alikuwa anachomeka kamba pembeni kama mkia wa panya. Mtu wa kuvua na kuvaa kutwa nzima, afunge za nini?"

Uani walikuwa wanaimba wimbo wa Bikira Maria, sauti zimechoka.

"Sikilizeni," alisema. "Mtu alikufa akiwa peku. Soksi zake ziko ndani ya mabuti, na mabuti ameyaacha mahali fulani. Angefia kivukoni, mabuti yangekuwa shingoni. Anayemuua pale hana sababu ya kumvalisha. Basi yalikuwa wapi? Watu huvua viatu wapi kingine?"

Doto alikumbuka safu ya viatu barazani. Ilionekana usoni.

"Aliyemuua alikuwa na maiti ndani na mabuti mlangoni. Akawaza, mtu anayekutwa porini lazima awe na viatu. Akamvalisha harakaharaka, bila kuona soksi, akafunga kwa mkono uliozoea kufunga. Akamtupa mahali pekee Tabora nzima ambapo Adriano asingevaa viatu."

"Fundo hili nalijua," Doto alinong'ona. "Ni la belo la tumbaku. Lakini Afande, nusu ya mji huu imefunga tumbaku. Hakimu atatucheka."

"Najua."

Alitazama upande wa turubai. Kasimiri alikuwa amekaa mbele, kikombe cha chai mkononi, anaitikia wimbo.

"Mzee Mabruki, nipe hiyo kamba yako ya katani. Na mimi ni mtani hapa."

*

Alipoingia uwanjani na buti moja la marehemu mguuni na kiatu chake mguu wa pili, wimbo ulikatika wenyewe.

"Nani kakufa hapa?" Bertila alipaza sauti. "Nimetoka Dodoma kwa treni, nimelala nimekaa, nakuta wapagazi wanakula ubwabwa peke yao!"

"Mgogo!" waliitikia, na kicheko kikapita kama upepo. "Mgogo kaja kuomba!"

"Siombi. Nachukua. Buti hili langu!" Akapiga mguu chini. "Ila mimi ni mtu mkubwa, siinami. Nataka mpagazi anifunge kamba. Mwenyekiti! Wewe asubuhi uliniambia utanitumbukiza mtoni. Faini yako hiyo. Njoo unifunge."

"Afunge! Afunge!" wanawake wa jikoni walidakia, miko juu.

Kasimiri alisita. Akacheka, akatazama kulia na kushoto. Msibani, mbele za watu, mtani akikudai kitu kama hicho ukakataa, utasimuliwa mpaka kaburini. Aliweka kikombe chini, akapiga goti kwenye tope. Bertila alimpa kamba.

"Kaza, baba. Nina safari."

Mikono mikubwa yenye madoa ilifanya kazi peke yake, kama mikono ya mama anayesuka huku anaongea. Kamba ilizunguka kifundo mara moja, mara ya pili, ikapita chini, ikavutwa, ncha ikachomekwa upande wa nje. Kwa kidole gumba akaigandamiza.

Halafu mikono ikasimama. Doto alikuwa amechuchumaa pembeni yake, na kwenye kiganja chake kilichovaa glavu lilikaa buti la kulia na fundo lake. Mafundo yalikuwa mawili, bega kwa bega, kama mapacha.

Bertila hakuinua sauti tena. "Jamaa wa msiba, niwaulize. Nani hapa amewahi kuvuka kivuko na Adriano akiwa na viatu miguuni?"

Maji yalidondoka kutoka kwenye turubai.

"Leo asubuhi mwenyekiti amevuka navyo. Kanivusha na kijiwe hakuweka. Kaniambia Adriano hakuwa anavua mabuti."

"Havui?" Consolatha aliondoa kanga usoni. "Mume wangu? Mimi kila siku nilikuwa namfukuzia avae." Alisimama, akamtazama mtu aliyepiga goti. "Alikuja kwako, Kasimiri. Alikuja kuhusu vigingi, kuhusu kipande cha njia ulichotaka kukiuza. Aliniambia, 'Nakwenda kuongea naye kama ndugu, njia ya watu haiuzwi.' Ukasema hakufika. Siku tatu unakula hapa kwangu ukisema hakufika."

"Ningefanya nini," alisema Kasimiri, si kwa Consolatha wala kwa mtu mwingine. Bado alikuwa amepiga goti, ameshika buti. "Nilimsukuma tu. Alikataa kuondoka, nikamsukuma kama mnavyosukumana mtu na mwenzake. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki." Alilamba midomo. "Kichwa kikapiga pembe ya meza. Nikamwita. Nikamwita sana."

"Na Nasri?" Mabruki aliuliza. Sauti ilimtoka nyembamba kabisa, ndani ya lile shati kubwa la maiti. "Mwanangu alikukosea nini wewe? Ulijua ule ni utani. Umekulia humu. Ulijua."

Kasimiri aliliachia buti.

"Ungemwacha peku kama alivyokuwa," Bertila alimwambia, "mimi leo ningekuwa Dodoma, na yule kijana angekwenda gerezani. Koplo, mfunge pingu. Na upige picha buti hili likiwa mguuni kwangu. Halivuliwi mpaka mpiga picha wa kituo alione."

*

Gari la polisi lilikwama tope la Isevya, kwa hiyo walikwenda kituoni kwa miguu, njia ile ile ya mto. Msiba uliwafuata kwa mbali. Mvua ilikuwa haijaacha.

Kivukoni Doto alikaa akavua. Waliofuata wakavua mmoja mmoja, soksi ndani, viatu shingoni. Kasimiri alisimama katikati yao na pingu zake, anatazama maji.

Mabruki alimsogelea. Watu walijua anakwenda kumpiga, na Bertila alijua hivyo pia, akajiandaa. Lakini mzee alipiga goti kwa shida, miguu yake mibovu ikilia, akashika kiatu cha kwanza cha Kasimiri akakivuta, akashika cha pili. Akaviunganisha kwa kamba zake akamtundikia shingoni.

"Leo utavuka kama watu," alisema.

Hakukuwa na utani wowote ndani ya sauti yake. Alivua kofia ya Adriano, akaiweka juu ya chungu ya vijiwe, akaenda zake mbele, peku, kumtoa mtoto wake.

Walivuka wote. Bertila alibaki ukingoni. Mguu mmoja ulikuwa na fundo asiloweza kulifungua kabla halijapigwa picha kituoni, na kwa fundo hilo hakuweza kukanyaga pale. Aliinama akachagua kijiwe, akakiweka pembeni ya kofia. Kisha akageuka kupanda mlima wa matope kuelekea barabara ya lami, azunguke mji mzima, buti la Adriano likimpwaya na kumlia mguuni kila hatua.